Madaktari ni Mtondo

1 Machi, Jumapili

Naandika nyuma ya karatasi zilizoharibiwa na mashine. Mama Nakala, mwenye duka la kutoa nakala ninakofanya kazi, alikuwa anazitupa, nikamwomba. Upande mmoja kuna cheti cha mtu kilichotoka kimepinda, upande wa pili nipo mimi na hasira zangu.

Leo mvua imeanza na mjomba amekuja. Wote wawili huja bila kualikwa. Ni kaka wa mama, amestaafu ukarani, na kimoyomoyo namwita Redio kwa sababu huongea hata kama hakuna anayesikiliza. Kabla hajanawa mikono aliniuliza dazeni ni vitu vingapi. Nikasema kumi. Akamgeukia mama na kumtazama kwa huruma, kama mtu anayempa pole ya msiba. Akauliza, na korija je? Sikujua kama kuna kitu kinaitwa hivyo, nilidhani ni ugonjwa wa kuku, kumbe ni vitu ishirini. Basi chakula chote kikawa mtihani. Nikaulizwa mke wa mjomba anaitwaje, nikasema anti, na mwenyewe amekaa hapo hapo anatafuna. Kumbe anaitwa mkaza mjomba. Nilivyomwangalia, hata yeye alikuwa anajifunza leo.

Mjomba alihitimisha kwamba kizazi chetu ni debe tupu na kwamba simu zimetumaliza akili. Kisha, akiwa mlangoni anavaa viatu, akanipa simu yake nimwondolee ile sauti inayotamka kila anachokigusa. Nikaiondoa. Hakusema asante.

4 Machi

Mvua. Paa la duka linavuja juu ya mashine kubwa. Tumeifunika nailoni.

7 Machi

Mzee mmoja alileta cheti cha mwanawe kitumwe kwa barua pepe. Nikakipitisha kwenye mashine, nikatuma, nikamrudishia. Akakaa. Nikadhani anasubiri mvua ipungue. Mwishowe akaniambia kwa upole kwamba nimesahau kukituma, maana bado anacho mkononi. Mama Nakala aliingia stoo kucheka. Mimi sikucheka. Nilimweleza, nikarudia, nikamwonyesha kwenye skrini, akatikisa kichwa akasema dunia imekwenda mbali.

Hata hajafika barabarani, kijana wa rika langu akaja na fomu kuniuliza hiyo S.L.P. ni chama gani. Nikamwambia ni mambo ya posta. Alipotaka kujua herufi zenyewe zinasimama badala ya nini, ikabidi nimuulize Mama Nakala. Sanduku la posta. Nimewahi kuiandika mara ngapi, na sikuwahi kujiuliza.

Lakini nimewaza jambo moja njia nzima. Yule mzee asipojua, tunasema dunia imebadilika, tunampa kiti. Mimi nisipojua, nimeharibika. Hilo ndilo linaloniuma.

11 Machi

Mama amerudi kutoka kazini miguu imevimba. Anapiga pasi mashuka ya hoteli, amesimama kwenye mvuke kutwa. Tulikuwa tunamzungumzia Bibi, mama yake, anayeishi peke yake katika mji mdogo ng'ambo ya mto. Jicho la kulia la Bibi lilikufa mwaka juzi kwa presha ya macho, taratibu, bila kuuma, na yeye akidhani ni uzee tu. La kushoto limeshika njia hiyo hiyo. Madaktari wa macho kutoka hospitali kubwa hufika kwenye kituo cha afya cha kule siku moja tu katika masika yote. Wakimpasua sasa, jicho litabaki kama lilivyo. Wasipompasua, litaendelea kwenda, na kilichokwenda hakirudi. Halafu wana sharti: lazima awepo ndugu wa kusaini na kumrudisha nyumbani. Jirani hakubaliki.

Ndugu huyo ni mimi. Mama hapewi ruhusa msimu huu wa wageni, na mjomba, eti, mgongo. Tunachosubiri ni kituo kimwambie Bibi siku yenyewe, naye atupigie.

Bibi ndiye mtu pekee wa umri ule asiyenitahini. Ananiita mke mwenza, na mimi humjibu kwamba mume tulimgawana vibaya, yeye alipata ujana wake na mimi nimepata picha ukutani. Nilimfundisha simu mwenyewe: kitufe cha kijani kupokea, chekundu kukata. Ujumbe hawezi kusoma kwa sababu ya jicho. Kukata bado husahau. Akishaaga namsikia anavyowagombeza kuku wake, na mara nyingine naacha simu sikioni nisikilize.

15 Machi, Jumapili

Redio imefunguliwa mapema leo. Kusini ni upande gani? Nikatoa simu. Akaninyang'anya, akaikalia. Nikaonyesha dirishani, kumbe ni magharibi. Akasema mtoto wa zamani wa miaka saba angepotezwa porini akarudi nyumbani, mimi nitapotea kati ya kitanda na choo. Mama akacheka.

Kicheko cha mjomba nimekizoea. Cha mama kiliniingia. Nimeosha vyombo kwa kelele ili wajue.

18 Machi

Mtu amechukua mwavuli wangu dukani akaacha wake uliovunjika. Kwa hiyo si mwizi, ni mbadilishaji.

23 Machi, Jumatatu

Bibi amepiga. Nilikuwa kazini, mvua inapiga mabati, mashine inanguruma, na kwake pia mvua. Sauti ilikuwa inakuja na kukatika. Alisema, "Mke mwenza, madaktari ni mtandao."

Nikauliza, "Mtandao, Bibi?"

"Eee. Ndivyo walivyosema. Mwambie mama yako, na wewe usichelewe."

Nikamwambia nimeelewa, aondoe wasiwasi, nitashughulikia kila kitu. Akaaga, akaaga tena, na kuku wakaanza kugombezwa.

Kwa hiyo mwaka huu madaktari hawaji, watamwona kwa video. Nilifurahi, sifichi. Maji yameanza kupita juu ya daraja na nilikuwa naogopa ile safari. Nikamwandikia mama. Akanijibu kwa picha ya dole gumba.

24 Machi

Nimempigia seremala, jirani wa Bibi, ambaye simu yake ina kamera nzuri. Yuko kwenye kazi ya mbali, atarudi Alhamisi. Nikamwomba madaktari wakipiga amshikie Bibi simu. Akakubali, halafu akauliza, hata kupasua watapasua kwa simu? Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua kwamba kwanza wanaangalia, baadaye wanamwita hospitali kubwa. Hilo nililitunga pale pale. Likanikaa vizuri mdomoni.

25 Machi

Simu imejaa chaji. Kituo hakijatuma chochote. Wasiojua kazi ni wengi.

26 Machi, Alhamisi

Nimeshachana karatasi mbili. Nitaandika hivyo hivyo.

Seremala amepiga alasiri. Alinisalimia kwa kirefu, akauliza hali ya mama, hali ya kazi, na kwa urefu wa salamu ile nikajua kuna jambo. Alikuwa anapita kituo cha afya akirudi kutoka safari. Amemkuta Bibi benchini. Amevaa gauni lake la kutokea, mfuko wa nguo miguuni, yupo hapo tangu asubuhi. Kila wakimwita aingie anasema mjukuu wangu yuko njiani. Wagonjwa wote wamekwisha. Madaktari wanafunga vyombo vyao kwa sababu wanaogopa daraja. Seremala amejitolea kusaini, wamemkatalia. Akaniuliza nimefika wapi.

Nikasema niko kazini.

Nikaanza kueleza kwamba Bibi mwenyewe ndiye aliyesema mtandao, nilimsikia kwa masikio yangu, nikamuuliza na akajibu eee. Nikasikia seremala anamuuliza pembeni, na sauti ya Bibi ikajibu, si kwa ukali, bali kwa mshangao: "Mtondo. Nilimwambia madaktari ni mtondo."

"Mtondo ndiyo nini?" nikauliza.

Seremala akanihesabia polepole, bila dharau, na ingekuwa heri angenidharau. "Leo, kesho, kesho kutwa, mtondo. Alikupigia Jumatatu. Mtondo ndiyo leo."

Nikaomba nizungumze na mkubwa yeyote. Akapewa simu muuguzi. Nikamsihi wampasue, nitasaini chochote, wanipigie kwa video wanione uso na kitambulisho. Akasema pole, dada, idhini ya kupasua haitolewi kwa mtandao. Nikamtukana. Nimemtukana mtu aliyekuwa amesimama kutwa anahudumia watu, mbele ya wateja wangu, hadi Mama Nakala akazima mashine. Muuguzi akaniacha nimalize, kisha akasema timu nyingine itakuja baada ya kiangazi. Nikauliza jicho litasubiri? Akasema hawezi kuniahidi.

Neno moja. Sijawahi kulisikia maishani mwangu. Nimekaa darasani miaka yote ile, nimefanya mitihani ya Kiswahili, nimetenganisha kiima na kiarifu mpaka nikapewa zawadi ya kamusi, na hakuna mtu hata mmoja, mwalimu wala mzazi wala huyo Redio anayetahini watoto wa watu mezani, aliyewahi kuniambia kwamba siku inayofuata kesho kutwa ina jina lake.

27 Machi

Sikwenda kazini. Mama hajanisemesha.

28 Machi, Jumamosi

Wameniweka kikao. Mjomba kwenye kiti chenye mikono, mkaza mjomba pembeni yake, mama kwenye ncha ya kitanda. Mimi nikasimama, sikutaka kukaa.

Mjomba aliongea muda mrefu. Alisema amelia barabarani, na huenda ni kweli, macho yake yalikuwa mekundu. Alisema mama yake mzazi anapofuka kwa sababu mjukuu wake hajui lugha yake mwenyewe. Alisema alionya. Alisema dazeni, alisema korija, alisema kusini, akazipanga zote kama mashahidi. Mama alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kanga na hakusema hata neno moja la kunitetea.

Nikamwacha afike mwisho. Halafu nikawaambia nina swali, moja tu, kama yale yake. Nikatoa karatasi, nikampa kila mtu kipande na kalamu. Leo ni Jumamosi. Kila mtu aandike mtondo ni siku gani, na asichungulie cha mwenzake.

Mjomba akasema huu si wakati wa michezo. Nikasema, "Andika, mjomba. Mimi nilijibu ya kwako kila Jumapili."

Wakaandika. Nadhani ni sura yangu iliyowaandikisha.

Mama aliandika Jumanne. Mjomba aliandika Jumatano. Mkaza mjomba aliandika Jumatatu, akaeleza kwamba yeye siku zote alidhani mtondo ni kesho kutwa ya watu wa zamani. Mama akamwambia mjomba, kaka, Jumatano ni mtondogoo. Mjomba akasema mtondo huanza kuhesabiwa kesho, si leo. Mama akasema mama yao hakuwahi kuhesabu hivyo. Mjomba akasema mama yao alihesabu hivyo hivyo, yeye ndiye mkubwa, anakumbuka. Wakapandishiana sauti, wakasahau kwamba mimi ndiye mshtakiwa. Watu wazima watatu, siku tatu.

Nikavikusanya vile vipande vitatu. Nikamwambia mjomba, "Ungepokea wewe ile simu, ungefika kituoni Ijumaa. Ungemkuta Bibi ameshakaa benchini, ameshangoja, ameshakwenda zake. Wewe ungekosea siku na mimi nimekosea neno, lakini jicho lingekuwa ni lile lile. Sasa niambie nani debe."

Mjomba akaanza kuitafuta kalamu, na ilikuwa mkononi mwake.

Nikamgeukia mama, na hapa ndipo hasira ilipokuwa kubwa zaidi, kwa sababu mama alikuwa amepata. "Wewe ulilijua. Miaka yote hii unalijua. Kwa nini hukunipa?"

Mama aliukunjua upindo wa kanga, akaukunja tena. Kisha akasema, "Sikukunyima, mwanangu. Halikupata nafasi. Nyumba hii haijawahi kupanga jambo lolote kupita kesho."

Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua bila mwavuli. Nilitaka jibu baya, nimtukane nalo. Akanipa la kweli.

2 Aprili

Daraja limefunikwa. Hakuna kwenda wala kurudi.

3 Aprili

Nimempigia Bibi. Ameniambia nisilie, ni mapenzi ya Mungu, na kwamba kosa ni la mvua. Sikutaka liwe la mvua. Nilitaka anifokee. Nikamuuliza anaonaje. Akasema anaona vizuri tu, ila taa imekuwa hafifu siku hizi, labda ni umeme. Bibi anaishi kwenye nyumba yenye dirisha kubwa na tulikuwa mchana.

7 Aprili

Mteja amesema "hiki kizazi" mbele yangu, kwa kijana mwingine kabisa. Nikamrudishia karatasi zake nikamwambia mashine imeharibika. Mashine ilikuwa inafanya kazi nyuma yangu, anaisikia. Mama Nakala akanivuta stoo akaniambia hasira nayo ni mzigo, naweza kuubeba, ila nisiuweke kaunta kwake.

12 Aprili, Jumapili

Mjomba hakuja. Tumekula watatu: mimi, mama na kimya.

17 Aprili

Maji yameshuka. Nimevuka, nimemleta Bibi kwetu. Alipoingia alipapasa fremu ya mlango, halafu kiti, halafu meza, na vyote akavisifu kwa uzuri ili tusitambue kwamba anavitafuta. Usiku wa leo atalala na mama. Nimemsikia mama akimwambia samahani, na Bibi akibadilisha mazungumzo.

20 Aprili, Jumatatu

Hospitali kubwa. Mjomba alijitokeza asubuhi, amevaa koti, akasema yeye ndiye mtoto wa kiume na atazungumza na wakubwa. Nikamwacha.

Mapokezi hakuna karani. Kuna bango lenye mraba wa vidoti, unaupiga picha kwa simu, unajaza taarifa za mgonjwa, unapewa namba ya foleni. Mjomba alilisogelea bango akalisoma juu mpaka chini, akabisha hodi kwenye kioo. Akarudi kwenye bango. Akatoa simu, akaigeuza, akapiga picha ya bango zima, akasimama anasubiri. Watu walikuja nyuma yake, wakapiga, wakapata namba, wakaenda kukaa. Akaanza kumfokea mlinzi kwamba serikali imelala. Mlinzi akamwambia mzee, si unaskani tu. Mjomba akasema yeye hana homa.

Nilikuwa nimeketi na Bibi, nimeshaskani tangu tuingie, namba yetu ninayo mfukoni. Nilimwacha mjomba azunguke. Aliporudi ametoka jasho, nikamuuliza, kwa sauti ya kusikika na benchi zima, "Kwani kizazi chenu mlisomea wapi?"

Kijana mmoja akacheka. Mjomba akakaa chini, akaanza kupangusa miwani kwa tai. Mwezi mzima nilikuwa nimeitayarisha sentensi ile, nimeinoa kitandani. Nilidhani itanishibisha. Bibi akaniuliza kimya kimya ni nani huyo aliyechekwa.

Tumepewa tarehe ya Mei. Mapema zaidi hakuna. Wote wanaongoja pale wana jicho lao.

21 Aprili

Mjomba amekuja jioni, si Jumapili, na hakuuliza swali lolote. Akanipa simu yake akasema nimwonyeshe ule mraba. Nikamwonyesha. Bado nimemkasirikia, lakini sasa ni mtu ninayemkasirikia, si redio. Nimekuwa mwangalifu nisimharakishe kidole.

29 Aprili

Mvua ya mawe. Kioo cha jikoni kimepasuka.

5 Mei

Bibi amemwaga chai, amefuta kwa mkono, amefuta mahali ambapo haikumwagika.

14 Mei

Wamempasua. Mimi ndiye niliyesaini, jina langu kamili, na kwa kila herufi nilitaka kuipasua karatasi. Daktari ni mwanamke mwenye umri wa mama. Alinieleza vizuri, akinitazama. Upasuaji umeteremsha presha, jicho halitauma. Lakini neva ya jicho imekwisha kuumia. Bibi atajua kama ni mchana au ni usiku. Ataona kivuli cha mkono mbele ya uso. Basi. Nikauliza, angepasuliwa mwezi wa tatu je? Daktari akasema hawezi kusema kwa uhakika. Nikamwambia aseme bila uhakika. Akasema, angeendelea kuona nyuso.

Mama alikuwa ukutani. Mjomba alikuwa kwenye ukuta mwingine. Hakuna aliyemtazama mwenzake, na mimi sikumtazama yeyote. Nilikuwa nataka kugombana na mtu na hakukuwa na mtu wa kutosha.

18 Mei

Bibi amekataa kukaa kwetu. Anasema kwake anajua ukuta uko wapi. Nimemuaga Mama Nakala, nimehamia kwa Bibi. Mama amelia mlangoni, mjomba amebeba sanduku langu hadi kituo cha basi na mgongo wake huo huo.

20 Mei

Nimejifunza: kisirudishwe kitu mahali tofauti na kilipotoka. Hata kijiko.

23 Mei

Wageni wameanza kuja kumpa pole. Kila mmoja anasema kitu kimoja, wazee wa siku hizi wanateseka kwa sababu watoto hawasikilizi. Wanasema mbele yangu, nikiwa nawamiminia chai. Bibi anajibu ni mapenzi ya Mungu, ni mvua, ni simu mbovu. Kila siku anatafuta mtu wa kumtwisha, hata hali ya hewa, asinitwishe mimi. Nimechoka. Ule upole wake unanichoma kuliko kikao cha mjomba, kwa sababu mjomba nilimjibu.

26 Mei

Manyunyu tu. Mvua inaaga.

Asubuhi hii Bibi alitaka kutoka uani peke yake. Nilikuwa nimeanika nguo kwenye kamba mpya, chini kidogo kuliko ile ya zamani, na sikumwambia. Kamba ikamshika shingoni. Hakuanguka, ila alibaki amesimama pale, shuka lililolowa limemfunika uso, hajui limetoka wapi. Nikakimbia nikalitoa. Nikaanza pole, Bibi, pole, Bibi. Nikasubiri aseme ni upepo.

Akasema, "Usiniambie pole. Nimechoka na pole zako."

Akautafuta ukuta, akaketi kwenye kigogo cha mlangoni, akifuta uso na shingo. Sikuwahi kumsikia Bibi akiongea hivyo, hata na kuku.

"Unataka niseme yamekwisha. Kila siku nakusikia unavyozunguka humu ndani, unangoja niseme. Hayajaisha. Nilikaa lile benchi tangu asubuhi nimevaa gauni langu la kutokea. Kila mlango ukilia nasema ni yeye huyo. Watu wananiuliza, bibi, una hakika anakuja? Nawajibu, wengine wote wanaweza kusahau, huyu hasahau. Nimekukasirikia. Nimekukasirikia sana, na sijui itanitoka lini."

"Niliuliza, Bibi," nikasema. Machozi yalikuwa yanatoka na sauti ilikuwa ya hasira, vyote pamoja. "Nilikuuliza, mtandao? Ukasema eee. Ulisema eee, Bibi."

Akafikiri. Nilimwona anaitafuta ile siku, mvua ile, ile simu.

"Nilisema," akakubali mwishowe. "Nilidhani umesema vilevile. Sikujua kama mtandao ni neno."

"Na mimi sikujua kama mtondo ni neno."

"Basi na mimi nikasirikie. Usinionee huruma kwa ajili ya uzee. Nikasirikie kama mtu."

Nikamwambia nimemkasirikia. Nimelisema na ilikuwa kweli, na mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu nilipumua mpaka chini. Hatukukumbatiana. Nilikwenda kuipandisha kamba, nikaleta chai, nikakaa kwenye ngazi upande wa kushoto kwake. Tukanywa, kila mtu na yake.

Alipomaliza alininyooshea kikombe nimwongezee. Alikinyoosha kulia, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nikainuka, nikahamia pale.